Mwezini au Newala?

Kuna ubishi mmoja ambao nimeusikia Sinza, nimeusikia Mwenge, nimeusikia kwenye foleni ya Ubungo watu wakiwa wamebanana ndani ya daladala, na safari hii nimeukuta Masasi, kwenye kibanda cha fundi simu karibu na stendi. Unaanza hivi. Mmoja anasema Wakenya wamerusha setilaiti yao, Taifa-1, Aprili 2023. Wa pili anaongezea kwamba Waganda walipeleka ya kwao, PearlAfricaSat-1, mwishoni mwa 2022, na Wanyarwanda tangu 2019. Halafu kimya kidogo, kisha swali: sisi je? Hapo ndipo anajitokeza wa tatu, ambaye kila kijiwe kinaye, na kusema: "Mama yangu yuko Newala, anapanga ndoo bombani tangu alfajiri. Wewe unataka setilaiti ya nini? Utaioga?"

Watu wanacheka. Kuna na wa nne, huyu macho hayatoki kwenye simu, anacheza gemu la mpira na kulalamika kwamba chaji inakwisha. Mbishi wa kwanza akaniangalia mimi: "Dada mwandishi, wewe umesoma, waambie hawa." Bahati nzuri mwandishi ana haki ya kuuliza maswali badala ya kujibu. Nikauliza, nikaandika, na jioni nikarudi nilipofikia na vitabu vyangu.

Pande zote mbili zilimtumia Mwalimu. Nyerere anakumbukwa kwa kauli kwamba wakati wakubwa wa dunia wanahangaika kufika mwezini, sisi bado tunahangaika kufika vijijini. Wa kijijini-kwanza wanaisoma kama amri: acheni mambo ya roketi. Wa setilaiti wanaisoma kama mzaha mchungu: wenzetu walifika, sisi bado tuko njiani. Ila pande zote zinakubaliana katika jambo moja bila kujua, kwamba mwezini ndiko kugumu na kijijini ndiko kwepesi. Ukiijua historia ya Masasi na Newala unaanza kuwa na mashaka na hilo.

Kwa ambao hawajafika huku, nieleze kidogo jiografia. Ukitoka Masasi, mji wa tambarare wenye vilima vya mawe vilivyosimama peke yake kama vimesahauliwa na fundi, unaelekea kusini mashariki hadi unaona ukuta wa ardhi mbele yako. Barabara inapanda na kujipinda, na ukifika juu uko kwenye uwanda wa Makonde. Newala imekaa ukingoni kabisa. Kuna mahali panaitwa Shimo la Mungu, ukisimama pale nchi inakatika miguuni pako na kushuka mpaka bonde la Ruvuma, na ng'ambo unaiona Msumbiji. Maji unayaona kule chini. Juu hakuna mto. Udongo wa uwanda ni wa kichanga, mvua ikinyesha inazama moja kwa moja na kwenda kutokea bondeni kama chemchemi, mita mia kadhaa chini ya nyumba za watu.

Sasa kwa nini watu wazima wenye akili zao wakajenga juu, mbali na maji? Wamakonde wana simulizi yake. Mtu wa kwanza, ambaye bado hakuwa mtu kamili, alikaa peke yake porini. Akachonga sanamu ya mwanamke kwa mti, akaisimamisha, na asubuhi akaikuta ni mwanamke hai, mkewe. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa bondeni karibu na mto, akafa. Wakapanda juu kidogo, wa pili naye akafa. Wakapanda tena mpaka uwandani kwenye vichaka vizito, na wa tatu akaishi. Toka hapo ikawa ni agizo la wahenga: msikae kwenye mabonde wala karibu na maji makubwa, huko kuna maradhi na kifo. Wazungu waliiandika simulizi hii mwanzoni mwa miaka ya 1900. Mimi nikiisoma leo naona ni uamuzi wa watu waliopima mambo mawili, mbu na majeshi ya uvamizi bondeni kwa upande mmoja, na miguu ya akina mama kwa upande mwingine. Wakachagua watoto waishi. Gharama ikalipwa kichwani, kwa mtungi, kila siku. (Na mnaona nani aliyelipa.)

Vikorokoro vya umeme na sauti navyo vilifika huku mapema kuliko mnavyodhani. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, alipita Lindi, Masasi, Newala na Mahuta akiwa na wapagazi waliobeba fonografu, yaani mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta, na kamera ya sinema. Hebu fikiria mwaka wenyewe. Sinema ilikuwa na miaka kumi na kidogo tangu izaliwe Ulaya. Dar es Salaam kwenyewe wengi hawakuwa wameiona. Na Vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905 na kuifikia misheni ya Masasi, vilikuwa havijapoa, njaa ikiwa imetapakaa kusini yote. Katikati ya hali hiyo anakuja bwana mmoja anawaambia watu waimbie kwenye tarumbeta la bati. Waliimba. Alinasa nyimbo na ngoma za Wayao, Wamakua, Wamakonde na za wapagazi wake Wanyamwezi, akapiga picha za ngoma zikitembea, kisha akapakia kila kitu na kwenda nacho Ujerumani.

Nimemtaja Weule kwa sababu yale yaliyotokea 1906 yamejirudia mara nyingi. Mashine inakuja, inawashangaza watu, inafanya kazi iliyomleta mwenyewe, halafu inaondoka. Kilichonaswa kinakaa kwao. Huyu angalau hakuahidi kitu.

Walioahidi walikuja miaka arobaini baadaye, jirani tu, Nachingwea. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, na mwaka 1947 ikaanza mpango wa karanga Tanganyika: zaidi ya eka milioni 3 zilimwe kwa mashine, Kongwa, Urambo na huku kusini. Wapenda mashine mtaufurahia mkasa huu. Matrekta hayakutosha, hivyo wakachukua vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani, kampuni ya Vickers ikavibadilisha kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Vifaru, jamani, vya kulimia karanga. Ikajengwa bandari mpya ya Mtwara yenye kina kirefu, ikajengwa reli kutoka pwani kuja Nachingwea. Ardhi ikawa ngumu kama saruji wakati wa kiangazi, mizizi ya vichaka ikavunja majembe, mvua hazikufuata ratiba ya London, na vipuri vikawa vinasubiriwa toka mbali. Januari 1951 mpango ukafutwa, na pauni milioni 36 hivi zikaandikwa kuwa hasara. Reli ikafungwa 1962 na baadaye ikang'olewa. Pale Nachingwea, mahali palipoishinda karanga, Frelimo walikuja kufundishia wapiganaji wao, na hao kazi yao waliimaliza.

Wazee wa huku ukiwauliza kuhusu roketi wanaweza kukujibu kuhusu reli. Zamani nilidhani wanakwepa swali.

Lakini wakati Waingereza wanazika karanga zao, kwenye uwanda wa Makonde kulianza kitu kidogo, kisicho na majigambo, ambacho kwangu ndicho kinachostahili kuandikwa kwenye vitabu vya teknolojia vya nchi hii. Katika miaka ya 1950 liliundwa shirika la maji, Makonde Water Corporation, la kusukuma maji kutoka chemchemi na visima vya bondeni mpaka juu uwandani, yaingie matangini, yashuke kwa mabomba vijijini. Watu walinunua maji kwa debe. Kwa mara ya kwanza tangu yule mtoto wa tatu wa kwenye simulizi, maji yakapanda mlima yenyewe.

Mwalimu mmoja wa fizikia pale kibandani alitupigia hesabu nyuma ya karatasi ya sigara, nami nikairudia mara mbili kuhakikisha. Chukua ndoo ya lita 20, ipandishe mita 400. Kazi inayofanyika ni kilo 20 mara 9.8 mara 400, yaani jouli kama 78,400. Ukiigeuza kuwa umeme ni wati-saa 22 hivi. Betri ya simu ya kawaida ya siku hizi inabeba wati-saa 15. Kwa maana hiyo ndoo moja ya maji kutoka bondeni hadi Newala ni sawa na kuchaji simu mara moja na nusu. Lita 1,000 ni yuniti moja ya umeme na kidogo. Weka hasara ya pampu na msuguano wa bomba, sema yuniti mbili. Yule kijana wa gemu aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Acha bwana," akasema. "Simu tu?"

Simu tu. Kwa sheria za fizikia, tatizo la Newala ni dogo kiasi cha kutia aibu. Roketi ya Saturn V iliyowapeleka wale watu mwezini ilikuwa na urefu wa mita 110 na uzito wa tani karibu 2,900 ikiwa imejaa mafuta. Hakuna kulinganisha. Basi ukiona hesabu ni nyepesi na maji hayaji, ujue ugumu umejificha mahali ambapo hesabu ya mwalimu haifiki: nani ananunua dizeli, nani anabadilisha mpira wa pampu, nani ana ufunguo wa chumba cha mashine na nani anamlipa.

Miaka hiyo hiyo anga za juu zilikuwa zimefika kwetu pia, ila kwa mlango wa Unguja. Mwaka 1960 Wamarekani walikubaliana na Waingereza kuweka kituo cha kufuatilia vyombo vya anga kisiwani, huko Tunguu, kwa ajili ya mradi wao wa Mercury. Sababu ilikuwa ya kifundi: redio ya chombo husikika tu kikiwa juu ya upeo wa macho, dakika chache basi, hivyo walihitaji mnyororo wa vituo kuzunguka dunia, visiwa vya Canary, Kano kule Nigeria, Zanzibar, meli katikati ya Bahari ya Hindi, Australia. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara 3, na alipopita juu ya pwani yetu aliongea na kituo cha Unguja.

Wenyeji hawakupiga makofi. Kituo kiligeuka hoja ya siasa, watu wakaandamana, wengi wakiamini ni kambi ya makombora itakayokiweka kisiwa kwenye shabaha ya Warusi. Wataalamu walisema ni antena tu. Mimi siwacheki waandamanaji. Mtu anakuja kwenye nchi isiyo huru, anakubaliana na mkoloni, anazungushia uzio, halafu anashangaa ukiuliza ndani kuna nini? Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali ya Karume ikawataka waondoke, na kazi hiyo ikahamia Madagaska. Miongoni mwa vibarua wa mashambani Unguja wakati ule walikuwemo Wamakonde wengi kutoka bara na Msumbiji. Najiuliza ni wangapi walimsikia mzungu akipita angani na kukumbuka mtungi wa mama.

Kenya nao walikuwa na lao. Waitaliano waliweka jukwaa la kurushia roketi baharini karibu na Malindi, San Marco, na Desemba 12, 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikarushwa hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, ya kwanza ya aina yake. Wakaiita Uhuru. Mabingwa wa fizikia ya anga dunia nzima wanalijua neno hilo la Kiswahili kutokana na setilaiti hiyo.

Tufike 1969. Siku Apollo 11 inatua, Julai 20, mhariri wa gazeti la TANU la Kiingereza, The Nationalist, alikuwa Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. (Ndiyo, huyo huyo, waandishi wenzangu msikate tamaa.) Nchi ilikuwa na miaka miwili tangu Azimio la Arusha. Kennedy alitoa ahadi ya mwezini Mei 1961, na miaka minane baadaye ikatimia. Sisi mwaka 1971 tulitoa ahadi yetu: mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, kila mtu apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani ifikapo 1991. Mita 400! Mwezi uko kilomita 384,000. Na bado 1991 ilifika, lengo halijafikiwa.

Hapa ndipo wa setilaiti wanaponyanyuka na kusema, mnaona? Ngojeni. Serikali ile haikuwa imelala. Mwaka 1973 ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio: watu wakakusanyika kwa vikundi, redio katikati, kijitabu mkononi, wakisikiliza na kujadili malaria, vyoo, maji ya kuchemsha, halafu wanatoka kwenda kuchimba choo. Walishiriki watu kama milioni 2. Kwa kifaa cha bei nafuu kuliko vyote, betri nne na spika, nchi maskini iliendesha darasa la watu milioni 2. Kijiji kilifikiwa, kwa mawimbi.

Halafu 1974 serikali hiyo hiyo ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kompyuta ya Hazina ilikuwa imeleta vurugu kwenye hesabu na fedha zikapotea bure, na badala ya kusomesha mafundi ikaonekana heri kufunga mlango. Runinga nazo zikazuiwa bara, wakati Zanzibar wakianza na za rangi kabisa. Marufuku ile ya kompyuta ilichukua miaka kulegea, na runinga bara tulizipata 1994. Kizazi kizima cha mainjinia wetu kilihitimu kwa rula ya hesabu.

Na sasa sikilizeni kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1974 Marekani ilirusha setilaiti iitwayo ATS-6, yenye antena kubwa iliyofunguka kama mwavuli. Mwaka 1975 ikasogezwa ili India iitumie kwa mwaka mmoja kurusha vipindi vya runinga kwenye vijiji kama 2,400, kilimo, afya, shule. India ya wakati ule ilikuwa na njaa na vijiji visivyo na umeme, na wabishi wake waliuliza maswali yale yale ya kibanda cha Masasi. Wakaweka antena za wavu wa kuku na kuendelea. Setilaiti yenyewe iliegeshwa wapi? Juu ya ikweta, nyuzi 35 mashariki. Fungua ramani. Hapo ni magharibi mwa Kenya, jirani na Kisumu. Mwaka mzima, 1975 hadi 1976, darasa la wanavijiji wa Kihindi lilining'inia kilomita 36,000 juu ya Afrika Mashariki, nasi tukiwa chini yake tumepiga marufuku runinga na kompyuta kwa jina la wanavijiji.

Yule mbishi wa "utaioga?" alinyamaza nilipomweleza hili. Hakukubali, alinyamaza. Kisha akasema kitu cha maana: "Sawa dada, lakini Muhindi alikuwa na fundi wa kurekebisha ile antena ikiharibika. Sisi pampu tu."

Na ana hoja, kwa sababu turudi kwenye pampu. Maji ya uwandani yaliyokuwa yakinunuliwa kwa debe yaligeuka kuwa huduma ya bure kama sehemu ya siasa mpya, na hakuna mwenye moyo atakayelaumu nia hiyo. Ila maji yanayopandishwa mlima kwa mashine hayana ubure. Dizeli inanunuliwa na mtu. Miaka ya 1970 Wafini walikuja Mtwara na Lindi na msaada mkubwa wa maji, wakachimba visima, wakaleta pampu za mkono za Nira ambazo baadaye zilikuwa zikiunganishwa hapa nchini kwa jina la Tanira. Bondeni pampu ya mkono ni mkombozi. Juu uwandani, ambako maji yako chini mno, mkono haufiki, lazima mashine. Uchumi ulipoyumba baada ya vita vya Kagera na bei ya mafuta, mashine zikawa zinasimama, mabomba yakazeeka ardhini, na mama akarudisha ndoo kichwani. Sera ya maji ya 1991 ikarudisha kuchangia gharama. Safari ya kuzunguka na kurudi pale pale kwenye debe la kulipia ilichukua takriban miaka 40.

Sitawachosha na yaliyofuata, mengi mmeyaona wenyewe. Umeme wa gesi ya Mnazi Bay, simu za mkononi, stakabadhi ghalani ya korosho tangu 2007. Msimu wa korosho ukiwa mzuri Newala na Tandahimba hugeuka kuwa soko la vikorokoro, na watu wa Dar wanapenda kusimulia hadithi za wakulima wanaonywesha mbuzi soda. Nimechoka na hadithi hizo. Nilichoona mimi ni banda la gemu lenye runinga tatu, watoto wanalipia kwa dakika, na mwenye banda anafungua kidhibiti kilichokufa na kukishona upya kwa waya wa redio mbovu. Miaka ya 1970 serikali ilifunga mlango kwa kukosa watu wa aina yake. Nilimuuliza kama anaweza kutengeneza pampu. Akasema pampu ni mota, mota ni mota, lakini hajawahi kuitwa.

Na hata anayesema setilaiti si ya mkulima, anazitumia. Mkulima wa mkorosho anapuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, na mvua ikija muda usiofaa salfa inaoshwa na pesa inakwenda nayo. Utabiri anaousikia redioni unatokana kwa sehemu na picha za setilaiti ya Meteosat ya Ulaya, iliyoegeshwa juu ya Ghuba ya Guinea, na mitambo ya kupokea picha hizo ilifungwa katika nchi 53 za Afrika mwanzoni mwa miaka ya 2000, yetu ikiwemo. Mawingu ya Newala yanaonekana kutoka huko kila baada ya dakika chache. Tatizo ni kwamba jicho ni la mtu mwingine, kama lilivyokuwa tarumbeta la Weule. Ukisimama Shimo la Mungu na kuangalia ng'ambo ya Ruvuma, unaangalia nchi ambako intaneti ya Starlink ilianza kuuzwa 2023. Vijana wa Newala wanalijua hilo vizuri sana.

Juni 2022 ilisainiwa mikataba ya miradi ya maji ya miji 28 nchini, na uwanda wa Makonde umo. Ni mkopo wa dola milioni 500, na mkopeshaji ni India. Nchi ile ile ya antena za wavu wa kuku, ambayo 2008 ilipeleka chombo kuuzunguka mwezi na Agosti 2023 ikatua karibu na ncha ya kusini ya mwezi huo, ndiyo inatukopesha pesa za kupandisha maji mita mia chache. Nilipowaambia hili pale kibandani kila upande ulishangilia kwamba umeshinda ubishi, na fundi simu akatufukuza kwa sababu tulikuwa tunamzibia wateja.

Kwa sasa watu wa Newala wana njia yao. Pita mitaani utaona nyumba baada ya nyumba zenye bati, mfereji wa bati pembeni, na kisima cha saruji kilichochimbwa uani kupokea mvua ya masika. Mama mmoja alinifunulia mfuniko wa chake nichungulie. Kilikuwa kimejaa hadi robo tatu, maji meusi na baridi, na ukutani amechora alama kwa mkaa, moja kwa kila mwezi wa kiangazi, kuonyesha maji yanapaswa kuwa yamefikia wapi. Kilijengwa kwa korosho za msimu mmoja. Alama ya chini kabisa ni ya Novemba.